Mudimbe na karatasi za Kasongo

Julai 1870 David Livingstone alirudi Kabambare, katika Maniema, mashariki mwa Kongo ya leo, akichechemea. Vidonda vilikuwa vimeila miguu yake, na wengi wa watu aliotoka nao pwani walikwisha kumtoroka. Waliobaki walikuwa watatu, wakiwamo Susi na Chuma, wale ambao baadaye wangeibeba maiti yake hadi baharini. Alikwama hapo hadi Februari 1871, akiishi kwa fadhila za wafanyabiashara wa pwani waliokuja huko kutafuta pembe za ndovu, hasa Muhammad Bogharib. Kabla hajaondoka Maniema alikuwa ameisoma Biblia yote mara nne. Na aliandika. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti ya zamani, akipitisha mwandiko wake juu ya maandishi ya chapa, kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za mmea wa huko huko. Wino ule ulififia kiasi kwamba maneno hayakusomeka tena mpaka 2011, pale mradi ulioongozwa na Adrian Wisnicki ulipozipiga kurasa zile picha kwa mianga ya rangi mbalimbali.

Kabla ya hapo ulimwengu ulisoma nini? Livingstone mwenyewe alikuwa ameyanakili upya maandishi yale katika daftari kubwa, akipunguza hapa na kuongeza pale. Alipokufa, rafiki yake Horace Waller alilichukua daftari, akalihariri kwa mkono wake, na 1874 London ikapata kitabu. Kabambare iliyoingia katika maktaba za Ulaya, ambayo Livingstone aliiandika Bambarre, ilikuwa imechujwa mara tatu, na mtu wa Kabambare hakushika chujio hata mara moja.

Msomi aliyetumia maisha yake kueleza jinsi uchujaji wa namna hiyo unavyofanya kazi alizaliwa kusini ya hapo, katika nchi ya shaba ya Katanga, tarehe 8 Desemba 1941. Mji wake uliitwa Jadotville, leo Likasi, na yeye aliitwa Valentin-Yves Mudimbe. Hakuwa mtu wa Maniema. Namleta Kasongo na Kabambare kwa sababu hapa ndipo wazo lake kubwa linapopimika vizuri, na ndipo linapoonyesha ufa wake.

Likasi ya utoto wake ilikuwa mji wa kampuni ya madini ya Union Minière, wenye makambi ya wafanyakazi waliotoka kila pembe ya Kongo na hata ng'ambo ya mipaka. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Watu hupenda kusema kwamba Kiswahili hicho kilishuka tu kutoka Kasongo na Nyangwe, miji ya biashara ya Maniema, kikifuata njia za misafara ya pembe. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha Kongo miaka ya 1970, alionyesha kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo: serikali, misheni na kampuni zilikaa zikakichagua kuwa lugha ya kazi, zikakiandikia vitabu vya sarufi vya kumfundisha bwana jinsi ya kumwamrisha mtumishi. Mtoto Mudimbe alikulia ndani ya uchaguzi huo wa wengine. Kisha mapadre wakamchagua na yeye. Akiwa bado mdogo sana aliondoka nyumbani kwenda seminari, akalishwa Kilatini, Kigiriki na Kifaransa, na ujana wake ulimkuta katika monasteri ya Wabenedikto ya Gihindamuyaga, karibu na Butare nchini Rwanda, amevaa kanzu ya utawa.

Aliivua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Rwanda ilikuwa imeshaanza kuchinjana tangu 1959, Kongo ilikuwa imepata uhuru na papo hapo kupasuka, na kijana aliyefunzwa kuimba zaburi kwa saa maalumu aliona kwamba monasteri ile nayo ilikuwa na upande wake katika ugomvi. Aliacha utawa, na kwa maelezo yake mwenyewe aliachana na imani pia, lakini nidhamu ya Wabenedikto hakuiacha. Hadi uzeeni siku yake ilikuwa na saa za kusoma na saa za kuandika, kama kengele bado inalia.

Alisoma Lovanium, Kinshasa, kisha akaenda Louvain, Ubelgiji, alikopata udaktari 1970 kwa utafiti juu ya maana za neno moja la Kifaransa, neno la hewa. Inaonekana kazi kavu, ya mtu anayejificha nyuma ya kamusi. Lakini kwa kufuatilia jinsi neno linavyobeba maana kutoka kizazi hadi kizazi bila wasemaji kuhisi uzito wake, alikuwa tayari ameshika kamba ambayo angeivuta maisha yake yote. Paris nako alifundisha kidogo, katika miaka ambayo kila mwanafunzi alitembea na kitabu cha mwanafalsafa Michel Foucault kwapani.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa chuo kimoja cha taifa, na kitivo cha fasihi kikapelekwa Lubumbashi. Mudimbe akaenda huko, akawa mkuu wa kitivo. Ilikuwa miaka ya joto. Kampasi ilijaa Wakongo, Wabelgiji, Wafaransa na Wamarekani, watu walioandika usiku na kugombana mchana. Mudimbe alisimamia jumba la uchapishaji la Mont Noir, alitoa mashairi, akatoa riwaya ya kwanza 1973, habari za padre anayeingia msituni kupigana pamoja na waasi wa mrengo wa kushoto. Wasomaji wa mashariki mwa nchi hawakuhitaji kuelezwa. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu waasi wa Simba wafagie Maniema na mji wa Kindu uanguke, na mapadre na walimu walikuwa wamejikuta hasa katika swali hilo: upande wa nani?

Kongo sasa iliitwa Zaire, na amri ya uhalisi wa Kizaire ilipopiga marufuku majina ya ubatizo, Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka. Tazama herufi za mwanzo. Alibaki V. Y. Mudimbe kwenye majalada ya vitabu vyake, na serikali haikuwa na la kusema. Mwenzake Georges Ngal, mhakiki mkubwa wa fasihi aliyefundisha hapo hapo, akawa Mbwil a Mpaang Ngal, na 1975 akatoa riwaya juu ya msomi wa Kiafrika aliyelewa nadharia za Paris hadi anataka kuiba siri ya simulizi za mababu ili aandike kitabu cha kuwashangaza Wazungu. Wengi Lubumbashi walisema wanamjua msomi huyo, na kwamba ofisi yake iko kwenye ukumbi ule ule. Sioni haja ya kuamua kesi hiyo. Linalonivutia ni kwamba shutuma ndani ya riwaya ya Ngal ni ile ile ambayo Mudimbe alikuwa akiielekeza kwa kizazi kizima, yeye mwenyewe akiwamo.

Shutuma yenyewe aliiweka katika vitabu viwili vya insha, cha 1973 na cha 1982. Foucault alikuwa amesema kwamba kumkimbia kweli Hegel kunadai kujua gharama ya kumkimbia, na kujua ni kiasi gani cha Hegel kimebaki ndani ya silaha tunazompigia. Mudimbe aliliondoa jina la Hegel akaweka Magharibi. Mwafrika anayeandika dhidi ya ukoloni anaandika kwa lugha ya nani, kwa vigezo vya sayansi ya nani, akitoa mifano kutoka vitabu vya nani? Baba mkali ametoka chumbani, lakini harufu yake bado imo kwenye nguo za mtoto. Jina la kitabu cha 1982 lilikuwa hilo, harufu ya baba.

Alipokitoa hakuwa tena Zaire. Mwaka 1980 Mobutu aliunda kamati kuu ya chama chake na kumtaja Mudimbe kuwa mjumbe. Kwa msomi wa wakati ule heshima hiyo ilikuwa na meno: ukiikubali umemezwa, ukiikataa umejitangaza adui. Alikwenda Marekani, akafundisha Haverford, baadaye Duke na Stanford, na tangu hapo kazi zake kubwa za nadharia zikawa kwa Kiingereza.

Kitabu kilichomfanya ajulikane duniani kilitoka Indiana 1988, juu ya kubuniwa kwa Afrika, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Herskovits. Ndani yake anaanza na vitu vidogo vya kuonekana kwa macho. Anachukua mchoro wa Hans Burgkmair wa 1508, wa watu weusi waliochorwa na mtu ambaye hakuwahi kufika kwao: miili ni ya studio ya Ujerumani, ngozi imepakwa rangi, nywele zimesokotwa, basi. Kutoka hapo anaonyesha jinsi taarifa za wasafiri, barua za wamisionari, ripoti za maofisa na tasnifu za wanaanthropolojia zilivyorundikana karne kwa karne, kila mwandishi akimsoma aliyemtangulia, hadi zikawa maktaba moja kubwa. Aliiita maktaba ya kikoloni. Nguvu ya maktaba hiyo haiko katika uongo wake. Mengi yaliyomo ni kweli. Nguvu yake ni kwamba ndiyo iliyopanga rafu: nini kiitwe kabila, nini dini, nini ushirikina, nani ana historia. Hata Placide Tempels, padre aliyetaka kuwatetea Waluba kwa kitabu chake cha 1945 juu ya falsafa ya Kibantu, na hata Alexis Kagame wa Rwanda aliyemkosoa Tempels kwa ujuzi zaidi, wote kwa macho ya Mudimbe walikuwa wakipanga vitu juu ya rafu zile zile.

Sasa turudi Kasongo na maktaba hiyo mkononi. Mwaka 1892 vita viliwaka kati ya Dola Huru ya Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na wakuu wa biashara wa Maniema, wakiongozwa na Sefu bin Hamed, mwana wa mfanyabiashara mashuhuri wa pembe, Tippu Tip. Mwakilishi Mbelgiji wa Dola huko Kasongo, Lippens, na msaidizi wake De Bruyne waliuawa. Francis Dhanis, kamanda wa jeshi la Dola, akavuka mto Lualaba, akachukua Nyangwe Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Kabambare, ngome ya mwisho, ilianguka Januari 1894 mikononi mwa ofisa mwenzake Lothaire, na Rumaliza, mmoja wa wakuu wale wa biashara, akakimbilia upande wa Tanganyika. Ubelgiji uliziandika siku hizo kama vita vya kumkomboa mtumwa. Lippens na De Bruyne walijengewa mnara katika mji wa pwani wa Blankenberge. Daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la Dhanis, Sidney Hinde, alitoa kitabu 1897, na ndani yake Kasongo inameremeta: vitanda vya kuchongwa, vyandarua, mishumaa, vikombe vya fedha na vya bilauri, mashamba ya mpunga na miwa, michungwa, mikomamanga, na askari wa kawaida waliolalia magodoro ya hariri na atilasi baada ya kuuteka mji. Kila anayeandika juu ya Kasongo hunukuu magodoro yale. Hinde ndiye aliyeamua tuyaone. Utajiri ule ulitoka kwa jasho la nani katika vijiji vya jirani, hilo analigusa pale tu linapomsaidia kumhukumu Mwarabu.

Hadi hapo Mudimbe ana haki kabisa. Lakini 2003 Ousmane Kane, msomi wa Senegal, alitoa kupitia shirika la utafiti la CODESRIA kazi fupi juu ya wasomi wa Kiafrika wasioandika kwa lugha za Ulaya. Aliwataja Mudimbe na mwanafalsafa Kwame Anthony Appiah kwa majina. Mnazungumza, aliwaambia kwa adabu, kana kwamba Mwafrika alianza kuandika alipokutana na Mzungu, na mmeiacha nje maktaba nyingine nzima, ya Kiarabu na ya lugha za Kiafrika zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kane alikuwa akiifikiria Afrika Magharibi kwanza. Angeweza kuitumia Kasongo.

Kwani ile miji ya Lualaba ilikuwa na karatasi nyingi wakati ule. Biashara ya pembe ilienda kwa barua: bei, madeni, mizigo, salamu, malalamiko, vyeti vya njia. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingine kwa Kiarabu, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa lugha zote mbili katika ukurasa mmoja, na Dola Huru yenyewe ilipotaka kufunga mikataba ililazimika kuandika hivyo. Xavier Luffin, profesa wa Kiarabu mjini Brussels, alizipekua hifadhi za Ubelgiji na 2020 akatoa kitabu juu ya nyaraka hizo za miaka ya 1880 na 1890. Zilikaa huko zaidi ya karne moja. Wanahistoria wengi walipita mbele ya masanduku yale wakaenda kusoma ripoti za Kifaransa, kwa sababu waliofunzwa kuandika historia ya Kongo hawakufunzwa kusoma alifu na bee.

Halafu kuna Tippu Tip mwenyewe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi alifanya Kasongo makao yake makuu kuanzia katikati ya miaka ya 1870. Alimpokea msafiri Stanley mwaka 1876 karibu na hapo na kumsindikiza kwa malipo kuelekea kaskazini. Akakubali 1887 kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold. Akaondoka Kongo 1890 asirudi tena. Uzeeni, Unguja, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Zilichapishwa Berlin 1902 na 1903, zikiwa na tafsiri ya Kijerumani ya Heinrich Brode. Baadaye W. H. Whiteley alizitoa tena Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na 1974 padre François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo marefu.

Katika kitabu hicho mna kisa kinachostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa nadharia ya fasihi. Tippu Tip anaelekea kwa sultani mzee wa Utetela, Kasongo Rushie. Njiani anapata kujua kwamba zamani dada wawili wa mzee huyo walitekwa vitani wasionekane tena. Anaihifadhi habari, anauliza majina, na anapofika anajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wa dada hao. Ametembea nchi zote, anasema, akiutafuta ukoo wa bibi yake. Mzee anaamini, au anaona faida ya kuamini. Anamwachia utawala, pembe zikiwa sehemu ya urithi. Na mwandishi anasimulia bila haya jinsi alivyoitunga nasaba ile, kipande kwa kipande, kama fundi anavyoeleza kazi yake. Mudimbe alihitaji Burgkmair na Ujerumani ya karne ya 16 kueleza jinsi Afrika inavyobuniwa na mgeni. Hapa mgeni mwenyewe anakiri, kwa Kiswahili safi, miaka 86 kabla ya kitabu cha Indiana.

Stanley naye anatajwa kwa namna ambayo vitabu vya Stanley havimtaji: mtu aliyeahidi mengi na kulipa kidogo. Ni raha kusoma ukurasa huo.

Je, basi Kane ameshinda? Nasita. Maisha ya Tippu Tip yaliandikwa kwa ombi la Brode, mtumishi wa ubalozi mdogo wa Ujerumani, yakachapwa katika jarida la chuo kilichofunza maofisa wa makoloni. Yalizaliwa ndani ya maktaba ya Mudimbe, hata kama ulimi ni wa pwani. Barua za Kasongo nazo zimetufikia kupitia mikono ya maofisa wa Kibelgiji, walioteka na magodoro. Na kuna jambo zito zaidi. Katika karatasi za wafanyabiashara, kama katika kitabu cha Hinde, watu wa vijiji vya Kabambare wanaonekana wakiwa mizigo, wapagazi, mateka, au masultani wanaolipa. Maktaba mbili zimegombana juu ya vichwa vyao. Baada ya 1894 Dola ilibana vyuo vya Kurani vya Maniema na kuwapa mapadre shule, hivyo mjukuu wa mpagazi aliyejifunza kuandika alijifunza kwa herufi za Kirumi, katika rafu mpya.

Mudimbe aliijua hoja ya maktaba nyingine. Kazi yake yenyewe inagusa wanafikra Waislamu na vyanzo vya Ethiopia, ingawa kwa kupita. Nadhani kilichomzuia ni uaminifu: aliandika juu ya nyumba aliyolelewa, na nyumba hiyo ilikuwa seminari. Alikufa Aprili 2025, Marekani, akiwa na miaka 83. Wengine walimwita mwanafalsafa, wengine mwandishi, wengine mwananadharia, na wote walikuwa sahihi. Hakuna riwaya yake hata moja aliyoiandika kwa Kiswahili cha Likasi.

Wapo waliokiandika. Mwaka 1965, miaka sita kabla Mudimbe hajafika Lubumbashi kufundisha, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa mji huo kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu, kazi ya André Yav, historia ya Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule, tangu enzi za Leopold kama wapishi na maboi walivyoikumbuka. Fabian alikichapa 1990 pamoja na tafsiri. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha mitaa ya Katanga, bila kujali sarufi ya Unguja wala ya mapadre, maneno yameunganishwa na kukatwa popote, kiasi kwamba wataalamu walishindwa kujua sentensi inaanzia wapi na kuishia wapi, hadi walipomwomba mwenyeji, Kalundi Mango, akisome chote kwa sauti huku kinasa sauti kikizunguka.